Siku Kumi na Nne

Mdogo wangu aliniuliza swali moja tu la sheria maishani mwake, na nikamjibu vibaya. Tangu hapo nimejibu maswali ya watu wengi. Mimi ni mwanasheria wa halmashauri, kazi yangu iko Chamwino, na mezani kwangu hupita migogoro ya viwanja, mipaka ya mashamba, ndoa zilizofungwa bila cheti na mirathi za wazee waliokufa wakiamini kwamba watoto wao wanapendana. Huko nimekosea mara kadhaa na nimesahihishwa, na usiku nimelala. Jibu ambalo halijaniacha nililitoa nyumbani kwangu Nkuhungu, mjini Dodoma, Jumamosi mchana, nikiwa nimevaa dera na kushika kikombe cha chai.

Kwetu ni Busi, wilaya ya Kondoa, juu kwenye vilima. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa asubuhi na mkulima kuanzia saa nne, na wanafunzi wake walijua kwamba msimu wa palizi somo litasomewa shambani. Alituachia shamba la ulezi, misahafu miwili iliyochakaa, na desturi moja ambayo sijaiona ikishikwa kwa ukali namna ile katika nyumba nyingine. Neno likishaulizwa kwa mkubwa, halipelekwi kwa mtu mwingine. Ukimuuliza mjomba, basi umemuuliza mjomba, na atakalosema utalichukua. Kwenda kwa mwingine baada yake ni kumwambia aliyekujibu kwamba hukumwamini, na kwetu hilo ni tusi la kuombewa radhi mbele ya watu.

Baba alipofariki, kiti hicho cha kuulizwa kiliniangukia mimi. Kaka hatuna, tulibaki watoto wawili wa kike, na mimi ndiye wa kwanza na ndiye niliyesoma. Sitasema sikukipenda. Nilikipenda sana. Mtu anatoka Busi na kandambili, anarudi akiwa na gari la mkopo, na wajomba waliokuwa wakimtuma maji wananyamaza akianza kusema. Asiyependa hilo ni malaika, na mimi sijapata kudhaniwa malaika.

Mwaka huo nilikuwa namalizia shahada ya uzamili, naandika tasnifu kuhusu utoaji mimba katika sheria za kimataifa ukilinganishwa na sheria ya Kiislamu. Nyumbani sikuwahi kuitaja mada kwa jina lake. Mama aliponiuliza nasoma nini safari hii, nilimwambia nasoma haki za akina mama, akaniombea Mungu anifanyie wepesi, tukahamia habari za mbuzi.

Nilikuwa nimezama katika kazi ile kuliko nilivyowahi kuzama katika kitu chochote. Upande mmoja nilikuwa na mikataba, hasa ile itifaki ya Afrika ya haki za wanawake iliyopitishwa Maputo, ambayo nchi yetu imeiridhia. Itifaki ile inazitaka nchi zimruhusu mwanamke kutolewa mimba hospitalini pale alipobakwa, au pale mimba inapotishia afya yake ya mwili na ya akili, au uhai wake. Haisemi ni mwezi wa ngapi. Sheria zetu za ndani ni nyembamba zaidi, zinamwachia daktari nafasi ya kuokoa maisha ya mama na hazisemi mengi zaidi ya hapo. Upande wa pili nilikuwa na vitabu vya fiqhi, na huko siku ndiyo kila kitu. Siku arobaini tone, arobaini pande la damu, arobaini pande la nyama, kisha roho inapulizwa. Kabla ya siku mia na ishirini wanazuoni wamegawanyika. Wapo waliozuia tangu mwanzo, wapo waliokubali kukiwa na udhuru wa kweli, na ndani ya madhehebu moja unakuta mwalimu na mwanafunzi wake hawasemi kimoja. Baada ya siku hizo milango inafungwa, isipokuwa ule wa kuokoa uhai wa mama, kwa kuwa mama ni shina na mtoto ni tawi.

Haya yote niliyapanga katika jedwali. Safu za kijani, za njano, za nyekundu, na chini yake siku. Msimamizi wangu alilisifu, nami nikalichapisha kwa rangi na kulibandika ukutani pembeni ya jokofu. Nililitazama kila nilipokwenda kuchukua maji.

Sasa mdogo wangu. Alikuwa nyuma yangu kwa miaka saba, mcheshi, mwenye sauti ya juu, na kigelegele chake kilijulikana vilima vitatu. Utotoni aliugua homa ya viungo, magoti yakavimba, tukamkanda kwa mafuta ya nyonyo mpaka yakapungua tukadhani yameisha. Kumbe ugonjwa ulihamia moyoni. Mlango mmoja wa moyo, kama daktari alivyokuja kueleza, ulikuwa umekakamaa na kubaki mwembamba, damu inapita kwa shida. Alizaa mtoto wa kwanza salama. Wa pili alimzaa akabaki hospitali mwezi mzima, na wakamwambia asizae tena. Mambo ya uzazi wa mpango yalikwendaje baada ya hapo sikumuuliza, na yeye hakunieleza. Nilisikia tu ana mimba ya tatu na kwamba akienda kisimani sasa anapumzika mara nne.

Walikuja Dodoma yeye na mumewe siku ya Alhamisi, wakaonana na daktari Ijumaa. Jumamosi wakanieleza. Daktari aliwaambia wazi kwamba kwa moyo ule hatari ni kubwa mno, na kwamba ushauri wao yeye na wenzake ni mimba isiendelee. Akawaambia wakafikirie, na Jumatatu asubuhi warudi, hata na mtu wa familia kama kuna mwenye maswali.

Mwenye maswali nilikuwa mimi, na sikuuliza hata moja.

Shemeji yangu alikaa ukingoni mwa kochi, kofia mkononi. Ni mtu mpole, anauza alizeti na mbaazi kwenye minada, hajawahi kuniinulia sauti. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka, mito mitatu mgongoni, maana akilala chini zaidi ya hapo alikosa pumzi. Kadi ya kliniki ilikuwa juu ya meza, pembeni ya kisahani cha kashata.

"Shemeji," akasema mumewe, "hospitali wameshasema yao. Mimi nataka kujua mbele ya Mungu. Ukisema inafaa, Jumatatu tunarudi pale. Ukisema haifai, tunapanda gari la Kondoa."

Nikamtazama mdogo wangu. Akasema, "Dada, nina wawili nyumbani. Lakini nitafanya utakalosema."

Naandika haya kwa sababu nataka yabaki kama yalivyokuwa, na yalivyokuwa si mazuri. Nilifurahi. Mdogo wangu anahema kwenye mkeka, nami moyoni nikafurahi kwamba sura ya nne ya tasnifu yangu imepata mtu. Nikaenda jikoni, nikabandua jedwali ukutani, nikalileta. Nikawaeleza itifaki, nikawaeleza sheria ya nchi, nikawaeleza madhehebu. Shemeji aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Walikuwa na njaa, safari nzima ya hospitali hawakula vizuri, na mimi niko kwenye safu ya njano.

Jambo jingine lilikuwa ndani yangu. Nilijua Busi wananisema. Walisema huyu amekwenda mjini kuokota makaratasi ya wazungu, siku hizi hata shungi anavaa akikumbuka. Shemeji hakuwahi kusema hivyo, ila alitoka kwa wanaosema. Nilitaka aondoke kwangu akijua kwamba binti wa mwalimu wa madrasa bado ni binti wa mwalimu wa madrasa. Kama pangekuwa na namna mbili za kusoma kitabu, nilishaamua kabla ya kukifungua kwamba nitachukua ile ngumu.

Nikachukua kadi. Imeandikwa wiki kumi na nane. Mara saba, mia na ishirini na sita.

"Mpaka umepita kwa siku sita," nikasema. "Roho imeshapulizwa."

Shemeji akauliza kuhusu ule mlango wa kuokoa mama. Aliuliza vizuri, kuliko mtahini. Nikamuuliza kama daktari alisema kwa hakika kwamba atakufa. Akasema hapana, alisema hatari ni kubwa mno. Nikasema hatari na hakika ni vitu viwili. Wanazuoni hawakudai hakika ya namna hiyo. Wengi wanatosheka na dhana yenye nguvu ya tabibu mwaminifu, na mimi nilikuwa nimeyaandika hayo kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini nilisema vile, na kwetu nilishasema.

Mdogo wangu aliweka kiganja juu ya tumbo. "Basi, imeshapulizwa," akasema, polepole, kama anayejifunza neno. Hakulia. Tukapakua wali, akala kidogo, akanisifia mchuzi ambao ulikuwa umezidi chumvi. Jumapili asubuhi niliwapeleka stendi. Wangeweza kupita kwa sheikh yeyote mjini, misikiti ipo tele, na wangeweza kurudi kwa daktari Jumatatu. Hawakwenda kokote. Wangewezaje, na mkubwa ameshaulizwa?

Wiki nne baadaye nikatetea tasnifu. Jopo lilikuwa la watu watano, na mmoja wao alikuwa mama wa makamo, mhadhiri wa sheria za familia, aliyekuwa akisinzia kidogo tangu mwanzo, au ndivyo nilivyodhani. Nilipofika kwenye jedwali akafungua macho akaniuliza siku zangu mia na ishirini zinaanzia wapi. Nikajibu zinaanzia mimba inapotunga.

"Na kadi ya kliniki inaanzia wapi?" akauliza.

Nikaanza kupekua kurasa zangu. Akaeleza yeye, bila ukali, kama anayemweleza binti yake mambo ya nyumbani. Kliniki huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, maana hiyo ndiyo tarehe mwanamke anayoikumbuka. Mimba yenyewe hutunga kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo kadi hutangulia siku kumi na nne hivi mbele ya mtoto. "Mwanamke akichukua kadi yake akaipima kwa jedwali lako," akasema, "atajiona amechelewa na kumbe hajachelewa." Wenzake wakacheka kidogo, mmoja akasema ndiyo maana jopo lazima liwe na mama. Wakanipitisha na marekebisho madogo. Walinipa mkono wote watano.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango. Jambo lenyewe sikuwa mgeni nalo, mwanamke gani hajaona kadi ya kliniki? Ila sikuwahi kuliweka karibu na jedwali langu, maana jedwali lilitoka kwenye vitabu na kadi ilitoka kwenye mikoba ya akina mama. Nikaandika kwa kalamu nyuma ya kiganja. Mia na ishirini na sita, toa kumi na nne. Mia na kumi na mbili. Jumamosi ile, mdogo wangu amelala kwenye mkeka wangu, alikuwa amebakiwa na siku nane.

Hapo bado ningeweza kuitwa mtu aliyekosea, na kukosea ni kwa wote. Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nishindwe kujitazama.

Jioni ile nilimpigia simu. Akasema miguu imevimba, viatu havimwingii, siku hizi anavaa vya mumewe. Nikamwuliza habari za watoto, za mama, za mvua. Nikamwambia nimefaulu. Akapiga kigelegele, na kigelegele kile kilichojulikana vilima vitatu kikakatika katikati, akakohoa, akacheka. "Pumzi imegoma, dada," akasema, "nitakumalizia ukija."

Nilikuwa na maneno mawili ya kumwambia. Nilikosea. Rudi hospitali. La pili lisingewezekana bila la kwanza, na la kwanza sikulitamka. Nikajiambia kwamba sasa haina maana, maana hata ukitoa siku kumi na nne amefika mia na arobaini, mpaka umepita kwa hesabu zote mbili. Nilijua huo ni uongo wa mwanasheria. Sura yangu ya tano ilikuwa na sehemu niliyoiita mahali sheria hizi mbili zinapokutana, na pale zinapokutana ni hapohapo: mama akiwa hatarini, itifaki inamtazama mama, na fiqhi inamtazama mama, hata baada ya roho kupulizwa. Hakuna hata upande mmoja unaosema mwache afe kwa kuwa dada yake anaona haya. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi nilificha uchi wangu akazaa mwingine.

Wiki hiyo nilifanya marekebisho. Hili la siku nililiweka kwenye tanbihi, mistari mitatu ya maandishi madogo chini ya ukurasa, kwamba msomaji azingatie tofauti ya hesabu za kliniki na hesabu za wanazuoni. Nililiandika kwa ufasaha. Wanafunzi wasiojua habari hii wameniambia ni tanbihi yenye manufaa.

Moyo wake ulishindwa mimba ilipokuwa ya miezi minane. Walimteremsha kutoka Busi kwa gari la kubeba mbaazi, akiwa ameketi, kwa kuwa kulala hakuweza. Walimpasua, mtoto akatoka mdogo, akalia. Mama yake alimwona kwa siku mbili. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake na bado sikusema. Aliniomba nimfunge kitambaa vizuri kichwani, kwamba nywele zinamuwasha, nikamfunga. Tulimzika Busi, juu, karibu na baba. Watu walisema ni kazi ya Mungu, na mimi nasema hivyo pia, wala silibishi. Ila najua kazi yangu ilikuwa ipi na sikuifanya.

Mtoto ni wa kike. Sasa ana miaka mitano, anakaa na mama yangu, na likizo anakuja Nkuhungu. Ananiita Mama Mkubwa. Ana sauti ya juu. Nikisema natamani ningejibu vingine, ninamwona amesimama mbele ya jokofu langu mlango wazi akitafuta embe, na sentensi hainitoki. Sijui hata kama mdogo wangu angeitoa ile mimba. Huenda angesema hapana, angemtaka huyuhuyu. Alikuwa na siku nane za kulifikiria hilo yeye mwenyewe, na mumewe na daktari wake, na mimi nilizichukua.

Shemeji hunishukuru. Kila Idd ananiletea kuku na ulezi, anakaa ukingoni mwa kochi lilelile, anasema kama si mimi wangemkosea Mungu na wangemkosa mtoto. Nampa chai. Miaka mitano nimempa chai.

Mwaka huu, wakati wa kuvuna, nilikwenda Busi nikamkuta mama uani anapepeta ulezi. Mtoto alikuwa ameamka na mafua, amelala ndani. Nilimsalimu, nikachukua ungo wa pili, na sijui ni mkono kuwa na kazi ndiko kulikonifungua. Nikamweleza yote, kadi, wiki, siku kumi na nne, jopo. Nilieleza kwa Kirangi, na maneno mengine hayapo, ikabidi nizunguke. Nilikuwa nimejiandaa kueleza nilivyokosea, na kwamba kosa lenyewe hata wasomi hulifanya.

Hakuniuliza nilikosea vipi. "Uliyajua haya lini?" akauliza.

"Akiwa hai, mama. Miezi miwili na zaidi kabla."

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Akaniambia maji ya kutia udhu yako ndani, na mtoto akiamka nimpe uji. Hakunifukuza, hakulia mbele yangu. Jioni tulikula sahani moja kama siku zote, na nilipoondoka alinipa ulezi wangu.

Mwezi uliopita alinipigia simu kuniuliza kuhusu mpaka wa shamba la baba, jirani amesogeza mikonge iliyopandwa mpakani. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilisoma hati, nikahakiki mara mbili, nikampa jibu, na jibu ni sahihi. Kesho yake shemeji akanipigia, akasitasita, akazungukazunguka habari za mnada. Mwishowe akaniambia kwamba mama asubuhi ile ameshuka mpaka ofisi ya kata, kwa miguu, kuwauliza swali lilelile.